Dawa inayomezwa mezani



Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba binti yetu ana sistiki faibrosisi, barua zinazonifikia zinafanana. Wachache huuliza habari za dawa. Wengi, hasa kina mama, huuliza hivi: "Dada, na watu tuwaambie?" Mmoja ameniandikia kuwa hata dada yake wa tumbo moja hajui, na mtoto anakaribia miaka mitatu. Leo nalijibu swali hilo kwa kirefu. Jibu langu ni ndiyo, waambieni, na sababu yake haitokani na ushujaa. Inatokana na namna ugonjwa wenyewe unavyotibiwa.

Kwa wageni wa safu hii, nianze na ugonjwa. Miili yetu hutoa ute wa kulainisha mapafu, utumbo na njia nyingine za ndani. Ute huo huwa mwepesi kwa sababu chumvi na maji hupita sawasawa katika kuta za seli. Kwa mwenye sistiki faibrosisi, mlango mdogo unaopitisha chumvi una kasoro ya kuzaliwa nayo, na ute unakuwa mzito kama gundi. Kifuani unanasa vijidudu, mtoto hakauki makohozi. Kwenye kongosho unaziba vijia vinavyopeleka vimeng'enya vya kusagia chakula. Mtoto anakula, pengine kuwashinda wenzake, lakini mafuta yanapita bila kusagwa. Choo kinakuwa kingi, cha mafuta, chenye harufu kali, na uzito hauongezeki.

Jeni yenye kasoro hiyo ilipatikana mwaka 1989. Hapa Uingereza wanaishi na ugonjwa huu watu wapatao 11,000, na inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 25 anaibeba jeni hiyo bila kuumwa chochote. Ndiyo maana watu husema ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwao umeenea zaidi, lakini sisi hatukuachwa. Kuna kasoro moja ya jeni hii inayoonekana zaidi kwa watu weusi wa Afrika Kusini na Marekani, na kasoro zinazojulikana kwa jumla zimezidi 2,000. Kwetu Afrika Mashariki kipimo cha jasho, kile kinachothibitisha ugonjwa, si kitu utakachokikuta katika hospitali ya wilaya. Mtoto akikohoa mwaka mzima ataambiwa ni nimonia au kifua kikuu. Akikonda ataambiwa ni utapiamlo. Akifariki, watu watasema ni kazi ya Mungu, na mama atabaki kujiuliza maisha yake yote alikosea wapi kumlisha.

Sasa nirudi kwenye swali la kuwaambia watu.

Dawa kuu ya binti yetu ni vimeng'enya, vile vile ambavyo kongosho lake linashindwa kuvifikisha. Dawa hii haina saa ya asubuhi na jioni. Humezwa pamoja na chakula, kila anapokula kitu chenye mafuta au protini, hata kama ni sambusa moja aliyopewa mlangoni. Alipokuwa mchanga tulikuwa tunafungua kidonge, tunamwaga zile punje ndogo juu ya kijiko cha tofaa lililopondwa, anameza, halafu ananyonya. Punje hazitafunwi, wala hazichanganywi na chakula cha moto, na baada ya kumeza tunaangalia kinywa, maana zikibaki kwenye fizi zinachoma. Mlo ukiwa mrefu, kama karamu zetu zilivyo, kipimo hugawanywa: kiasi mwanzoni, kiasi katikati.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dawa hii humezwa mezani, mbele za watu. Ukitaka kuficha una njia mbili tu: usiende kokote na mtoto, au uende naye na umnyime dawa. Njia ya kwanza inamfunga mtoto. Ya pili inamkondesha. Dawa za shinikizo la damu unaweza kuzimeza chooni mtu asijue. Hii huwezi, labda mtoto asile.

Fikiria siku ya Iddi, nyumba imejaa, shangazi wanne jikoni. Mtoto wa miaka minne anapita kati ya miguu ya watu. Huyu anampa kitumbua, yule kipande cha kuku, mwingine anamwonjesha mchuzi wa nazi kwenye kidole. Hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja. Lakini usiku mtoto anajikunja kwa tumbo, na mama anabadilisha shuka peke yake kwa sababu peke yake ndiye anayejua. Shangazi hao hao, wangeambiwa neno moja, kila mmoja angesema, "Subiri kwanza, mwanangu, mama yako kakupa dawa?"

Mimi nimeliona hilo kwa macho hapa Kingsbury. Wanaoujua mtaa huu wanajua kwamba madukani Kingsbury Road utawakuta wazee wa Kihindi waliokulia Nairobi, Kampala au Mwanza, na Kiswahili chao bado kiko hai. Mzee mmoja anayeuza mboga alikuwa na desturi ya kumpa binti yangu biskuti ya siagi kila tukipita. Siku moja nikamwambia, "Mzee, huyu tumbo lake halisagi mafuta bila dawa. Lakini matunda anakula bila shida." Hakuuliza swali hata moja. Tangu siku hiyo tukiingia anamchagulia chenza, anamwambia, "Haya bibi, hili halina masharti." Matunda mengi, juisi na maji havihitaji vimeng'enya. Parachichi na nazi vinahitaji, kwa sababu vina mafuta. Mwuza mboga anajua hilo, na mtoto wangu ana mtu mmoja zaidi wa kumlinda.

Chakula chetu chenyewe kinataka maelezo. Mtaalamu wa lishe wa hapa anajua mafuta yaliyomo katika soseji na jibini, lakini wali wa nazi, mahamri na maharage ya nazi pengine hajawahi kuviona. Msaidie. Chukua kopo la tui, soma nyuma gramu za mafuta, hesabu umetumia kopo kiasi gani kwa sahani ngapi, mpelekee. Vidonge vingapi kwa sahani ya wali wa nazi ni hesabu ambayo mtaalamu ataifanya pamoja nawe, usiikisie. Na usiache nazi kwa kuogopa mafuta. Watoto wengi wenye ugonjwa huu huhitaji nguvu nyingi kuliko wenzao. Kinachotakiwa ni mafuta yaende na dawa yake.

Nifike kwenye jambo ambalo watu hulinong'ona. Vimeng'enya vinavyotolewa hapa Uingereza hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema wazi. Ipo hofu kwamba mzazi Mwislamu atasoma, ataona aibu kumuuliza daktari, atamwogopa mama mkwe, na kimyakimya ataacha kumpa mtoto. Hapo siri inakuwa sumu. Sisi tulimuuliza sheikh wetu, tukamweleza kwamba hakuna dawa nyingine ya kushika nafasi yake, na bila hiyo mtoto hakui. Alitujibu kwamba uhai wa mtoto ni amana, na palipo na dharura isiyo na mbadala, haramu huondoka kwa kiasi cha dharura hiyo. Masheikh wengi ndivyo wanavyosema. Majirani Wahindu wasiokula nyama wana mtihani wa aina hiyo hiyo. Kila mmoja amuulize anayemwamini, lakini aulize kwa sauti, na amwambie daktari kinachomkera. Daktari hawezi kukusaidia katika jambo ambalo hukulitaja.

Baada ya meza kuna kifua. Asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kulala tunafanya mazoezi ya kutoa makohozi. Mtoto anaruka juu ya mpira mkubwa, anapuliza mapovu ya sabuni, anapumua kwa kifaa kinachobana pumzi ili makohozi yapande. Kuna siku anacheka, kuna siku analia tangu mwanzo hadi mwisho. Muda huo mlango ukigongwa na wageni, sisi hatuachi. Wageni wanakaribishwa, wanaketi, na baba yake anaendelea kuhesabu pumzi. Tungekuwa tunaficha, kila mgeni angekuwa amemkatisha mtoto dawa.

Kuna dawa mpya zinazorekebisha ule mlango wenyewe wa chumvi. Inayojulikana zaidi ni Kaftrio, na mwaka 2024 NICE ilikubali itolewe na NHS kwa wanaofaa kuanzia umri wa miaka 2. Imebadilisha maisha ya wengi. Hiyo nayo humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa hiyo na yenyewe ni ya mezani. Lakini inafanya kazi kwa baadhi ya kasoro za jeni tu, na wenye asili ya Afrika na Asia ndio wanaoangukia zaidi katika kundi la waliokosa. Binti yetu yumo katika kundi hilo. Sisemi hili ili mtuonee huruma. Nasema ili mjue kwamba kwetu sisi vimeng'enya, mazoezi na antibayotiki ndizo silaha zote tulizo nazo, na ndiyo maana siwezi kukubali hata kimoja kikwamishwe na haya.

Sasa habari ya nyumbani. Mama mkwe yuko Tanga. Simu yake ya kila Ijumaa ilianza hivi kwa muda mrefu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mjukuu wangu mbona hanenepi? Au huko mnamlisha mikate?"

Mume wangu ndiye aliyemweleza, na alimweleza mambo mawili. La kwanza, ugonjwa huu mtoto hurithi kwa pande zote mbili. Mimi nina nakala moja ya jeni mbovu, na mwanawe ana nyingine. Nakala moja haimuumizi mtu, ndiyo maana sisi ni wazima na wazee wetu walikuwa wazima. Mtoto huumwa akipata zote mbili. La pili, kila mimba ya wazazi kama sisi ina uwezekano wa moja kati ya nne wa mtoto kuumwa, na hesabu huanza upya kila mara. Wa kwanza akiumwa haina maana kwamba watatu wanaofuata wamesalimika.

Mama alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe na kwetu umo." Neno hilo lilinitua mzigo. Kwa kawaida mtoto akiwa mgonjwa, vidole huelekezwa kwa mama aliyemzaa: ukoo wake una kitu, au alikula kitu. Ukweli wa sayansi unawagawia wote sawasawa. Ndoa za mabinamu, tulizozizoea sana pwani, huongeza uwezekano wa wawili kubeba jeni moja, kwa hiyo ni busara ndugu wanaotaka kuoana wajue. Watajuaje kama sisi tumeficha?

Baada ya hapo mama akaja na jambo jingine: "Nileteeni mtoto nikae naye mwaka mmoja. Upepo wa bahari utamfungua kifua." Wengi wetu tumelelewa na bibi, na wengi hapa huwapeleka watoto nyumbani wajue lugha na dini. Tulimshukuru, tukamwambia hapana. Mtoto huyu hupimwa makohozi kila anapokwenda kliniki, na kijidudu kikionekana antibayotiki huanza mara moja. Vimeng'enya hutolewa kila mwezi. Hivyo Tanga havipo kwa mpangilio huo, na mapenzi ya bibi, hata yawe makubwa vipi, hayawezi kushika nafasi yake. Lakini kutembea wiki tatu, hilo tumelifanya, na linawezekana kwa maandalizi.

Jambo kubwa la safari ni chumvi. Zamani madaktari wa New York waliona kwamba wakati wa joto kali watoto wenye ugonjwa huu huishiwa nguvu haraka kuliko wengine. Mwaka 1953 daktari Paul di Sant'Agnese na wenzake walionyesha sababu: jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Kipimo cha jasho kinachotumika hadi leo kilitokana na ugunduzi huo. Kwa hiyo mtoto wa Kingsbury akishushwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari, anamwaga chumvi kwa jasho kutwa nzima. Sisi huenda Agosti, wakati wa kipupwe, na likizo ya shule inaangukia hapo hapo. Kiasi cha chumvi ya kuongeza tunapewa na kliniki kabla ya kuondoka. Akilegea, akitapika au kukataa kunywa, hatusubiri kesho. Dawa zote tunabeba mkononi ndani ya ndege pamoja na barua ya daktari, na vimeng'enya haviachwi ndani ya gari juani. Plagi za Uingereza zinaingia Kenya na Tanzania, lakini umeme hukatika, basi mashine ya kuvutia dawa iwe na betri.

Niseme na wanafunzi na waliofika karibuni, maana najua mnasoma.

Mtoto akizaliwa hapa, siku ya tano mkunga huchukua matone ya damu kisiginoni. Damu hiyo hupimwa magonjwa kadhaa, yakiwemo selimundu na, nchi nzima tangu mwaka 2007, sistiki faibrosisi. Usikatae. Kama umekuja na mtoto mchanga aliyezaliwa kwetu, unaweza kuomba apimwe kabla hajatimiza mwaka, ila kwa sistiki faibrosisi kipimo hicho hufanyika hadi wiki 8 tu. Akishapita hapo na ana dalili nilizozitaja, mwambie daktari wako atafakari kipimo cha jasho, hata kama mtoto si Mzungu. Liseme jina la ugonjwa. Hakuna kosa katika kuuliza.

Mwenye viza ya mwanafunzi hulipa ada ya afya ya uhamiaji, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka, na watoto walio chini ya miaka 18 hivyo hivyo. Ukishailipa, NHS inamtibu mtoto. Maneno "hakuna haki ya fedha za umma" yaliyomo kwenye viza hayahusu matibabu ya NHS. Yanahusu posho, na posho ya ulemavu ya watoto ni mojawapo, kwa hiyo uliza kwa mshauri wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote ya posho. Dawa za watoto chini ya miaka 16 ni bure. Mtu mzima mwenye ugonjwa huu hapa England anaweza kutakiwa kulipia dawa zake, maana orodha ya magonjwa yaliyosamehewa iliandikwa mwaka 1968 na huu haumo. Anunue kadi ya kulipia kabla, itampunguzia.

London ina vituo vya watoto kama Great Ormond Street na Royal Brompton. Kutoka Kingsbury unapanda Jubilee hadi Green Park, unahamia Piccadilly, unashuka Russell Square kwa cha kwanza au South Kensington kwa cha pili. Na shule za serikali hapa England zinawajibika kisheria tangu 2014 kumsaidia mtoto mwenye maradhi, vimeng'enya vya chakula cha mchana vikiwemo. Lakini shule nayo haiwezi kumsaidia mtoto ambaye haijui habari zake.

Kuna jambo moja ambalo huwa gumu kwa desturi zetu. Sisi mtu akipata msiba au ugonjwa, tunamtafutia mwenzake waliofanana wakutane wafarijiane. Watoto wenye sistiki faibrosisi hawatakiwi kukutana ana kwa ana, kwa sababu wanaambukizana vijidudu vinavyodhuru mapafu yao. Hata kliniki kila mmoja huwekwa chumba chake. Basi mama aliyeniandikia, usiniletee mwanao tucheze naye Roe Green Park, ingawa ningependa mno. Tupigiane simu. Na kwa sababu binti yangu hawezi kukaa na wanaofanana naye, anawahitaji zaidi wale wasiofanana naye: shangazi, majirani, mwuza mboga, mwalimu wa chuo. Hao ndio jamii yake, na jamii haiwezi kumlea mtoto kwa kitu isichokijua.

Huna haja ya kuhutubia ukoo mzima. Sisi tuna sentensi moja, na yeyote anaweza kuichukua: "Tumbo lake halipati dawa ya kusaga chakula, basi tunampa sisi kila akila, na hauambukizi watu wengine." Basi. Anayetaka zaidi atauliza. Binti yetu mwenyewe anajua toleo lake. Akipewa maandazi anaweka mkono kiunoni na kusema, "Kwanza dawa yangu." Watu hucheka, dawa inaletwa, anakula na wenzake. Mtoto akijua kulisema hilo mbele ya watu akiwa na miaka minne, kesho shuleni atalisema bila mimi.

Nasubiri barua zenu. Tukutane mwezi ujao, inshallah.